Kidonda Kilichopoa

Haya, wewe uliyekaa karibu, nikutege wewe kwanza. Nina nyumba yangu. Mwizi akivunja ukuta, nyumba huziba tundu kwa utando, kisha hupaka ukuta rangi nyekundu, huwasha moto, huita walinzi wakaja kwa maelfu wakafia mlangoni, na hapo ndipo mafundi huingia. Ukiuzima ule moto, mafundi hawaji. Nyumba gani hiyo?

Umesema tanuri. Tanuri halina walinzi. Mwenzako anasema mzinga wa nyuki. Huyo amekaribia, ila sijaona nyuki akipaka rangi. Mmeshindwa, nipeni mji. Tanga sitaki, nimepewa mara nyingi hata nimechoka kuitawala. Moshi nako baridi. Basi nitajichukulia mwenyewe mji ambao bado haujajengwa, mji wa wajukuu wa wajukuu zenu, unaoitwa Mkongeni Mpya. Jibu nawapeni bure, maana bila hilo hamtafika mbali: nyumba ni mwili, na ule ukuta uliovunjwa ni jeraha.

Nilikwenda Mkongeni Mpya nikakuta watu wasiovimba.

Mtu akichomwa na mkonge, na ncha ya mkonge ni nyeusi na ngumu kama sindano ya kushonea magunia, havimbi, haiwi nyekundu ngozi yake, hapati joto, haumwi. Karibu na mfupa wa bega kila mmoja alipandikizwa kitu kidogo kama punje ya mchele, wakakiita kipozeo. Nyama ikijeruhiwa hupiga ukelele ndani ya damu. Kipozeo kiliusikia ukelele huo kabla ya yeyote na kuunyamazisha. Kazi haikusimama. Mkono uliokatwa na mashine asubuhi ulirudi kwenye mashine kabla ya uji wa saa nne.

Na walijiona, watu hao. Ukiwauliza habari wanajibu "poa," na kwao halikuwa neno la vijana, lilikuwa cheo. Mgeni akishuka kwenye basi na shavu lililovimba kwa jino, walimtazama kama mtu aliyekuja harusini na ndoo ya samadi. Mvimbaji, walimwita. Kuvimba ni ushamba, kuvimba ni kukosa malezi, mtu anavimbaje mbele za watu?

Nakiete alikuwa mmoja wao, tena wa mbele. Alikuwa mpozaji katika zahanati ya shamba. Kazi yake ilikuwa kuziba jeraha kwa gundi ya ngozi, kuliwekea kioo cha kupimia, na kioo kikisoma baridi kilitokeza neno moja, KIMEPOA, naye aliweka kidole gumba kuwa saini. Miaka sita aliweka kidole hicho. Alitembea akiwa amenyoosha shingo, na wavimbaji wa kule milimani alikotoka yeye mwenyewe aliwasemea puani.

Mwezi wa sita ukanda wa mashine ukampasua mume wake, Sengondo, kwenye muundi wa mguu wa kulia. Nakiete alimziba mwenyewe. Kioo kikasema kimepoa siku ileile.

Siku ya arobaini na moja akashuka mama mkwe.

*

Mama Sengondo alifika na kikapu cha magimbi, akakanyaga ndani bila kuvua kilemba, akamkuta mwanawe kitini, mguu juu ya stuli.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na moja, mama," Nakiete alisema. "Lakini hakimuumi hata kidogo."

"Sikukuuliza kama kinamuuma. Hata jiwe haliumwi." Akapiga magoti, akainua pembe ya gundi kwa kucha. Chini yake kidonda kilikuwa kama siku ya kwanza. Midomo yake miwili ilikuwa myeupe, misafi, imeachana, haina damu, haina harufu. Mama Sengondo alikitazama kitambo. "Nyama hii nimewahi kuiona," alisema.

"Wapi, mama?"

"Buchani."

Sengondo alicheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyesoma mbele ya mtu asiyesoma. "Mama, huku si mlimani. Huku hatuvimbi."

"Naona. Mnabaki wabichi kwa adabu."

Nakiete aliirudisha gundi, akaibana. Moyoni alisema, kikongwe huyu ataniaibisha kwa majirani. Na aibu yenyewe haikuchelewa, maana alipokuwa akipita uani mama mkwe alikuwa amejichoma kidole cha shahada kwenye ua wa mkonge, na kesho yake kidole kikaumuka kama kitumbua.

"Mama, nikubandike kiraka cha kupoza, cha wageni," Nakiete alimsihi. "Baadaye kinabanduka chenyewe. Watu wasikuone hivyo."

"Waone nini, kidole? Wao hawana?"

"Wanacho, lakini si hivyo."

"Mkwe wangu," alisema mama Sengondo, akikitumbukiza kidole kwenye bakuli la maji moto ya chumvi, "mimi nimekanda wazazi thelathini katika kijiji chetu. Maji moto, kitambaa, mkono. Hakuna niliyemkanda kwa barafu. Wewe nenda kazini kagandishe watu."

Nakiete alikwenda kazini amenuna. Mlangoni jirani mmoja alimuuliza kama ni kweli kwake kuna mvimbaji, naye akasema ni mfanyakazi wa ndani.

*

Siku ya nne kidole kilikuwa chekundu, kinang'aa, na katikati kimetunga kichwa cha njano. Nakiete alikuja na kile kioo cha zahanati mfukoni. Alitaka kumwonyesha kikongwe uchafu wake kwa macho yake mwenyewe, aone haya, akubali kiraka. Kioo kilikuwa na uso wa pili, wa kutazamia ndani ya nyama, ambao katika darasa la wapozaji, darasa la wiki tatu, waliambiwa wasiufungue kwa kuwa unamaliza betri.

Akaufungua, akakibandika juu ya kidole. Wakainama wote wawili.

Mwanzo aliona vurugu tu. Kisha kioo kikatulia, akaanza kutenganisha hiki na kile. Mishipa midogo ilikuwa imetanuka, damu inapita humo kwa wingi. Ndio wekundu ule na joto lile. Kuta zake zilikuwa zimelegea, maji yakivujia nje kwenye nyama, ndio uvimbe. Na kupitia nyufa hizohizo askari weupe walikuwa wakijipenyeza mmoja mmoja, wakinyooka kama watu wanaopita kwenye ua wa miiba, wanakwenda moja kwa moja kwenye kipande cha mwiba kilichobaki, wanakula vijidudu, wanakufa hapohapo. Rundo la maiti zao ndilo lile la njano.

"Usaha," alisema Nakiete.

"Wewe uliudhani nini?"

"Takataka."

"Takataka." Mama Sengondo alikunja mdomo. "Mtu anakufa akikulinda unamwita takataka. Shule hizi."

Tangu siku hiyo Nakiete alipima kila alasiri, na alikuwa hanuni tena. Siku ya sita wakaja wengine, wakubwa, wazito, wakitambaa kama ng'ombe wanaolisha. Walikula maiti, walikula mabaki ya mwiba. Na walipokwisha kufagia, hao walaji wakubwa ndio waliobadilika wakapiga mbiu nyingine, tofauti na ile ya vita, na mbiu hiyo ikaita wafumaji. Wafumaji walikuja wakatandaza nyuzi hapa na pale, kama singa za mkonge zilizoanikwa kwenye waya, na kati ya nyuzi mishipa mipya ikachipuka. Ngozi ikatambaa kutoka kingo mbili ikakutana katikati. Ule moto wa mwanzo ukapungua wenyewe, maana walioufanyia kazi walikuwa wamemaliza. Siku ya tisa mama mkwe alikuwa akimenya magimbi kwa kidole kilekile.

Jioni hiyo kabla jua halijashuka Nakiete akakibandika kioo kwenye muundi wa mumewe.

Palikuwa kama uwanja wa mpira siku isiyo na mechi. Hapakuwa na vijidudu, gundi iliviua. Hapakuwa na askari. Hapakuwa na walaji, hivyo hapakuwa na wa kupiga ile mbiu ya pili, na wafumaji walikuwa wamekaa pembeni ndani ya nyama, wazima, wakingoja kuitwa tangu mwezi wa sita.

*

Bwana Chamshama, Mkuu wa Utulivu wa shamba zima, alikuwa na meza kubwa isiyo na kitu juu yake. Alimsikiliza Nakiete macho yakiwa dirishani.

"Kwa hiyo umefungua uso wa pili," alisema. "Betri hiyo ni ya baba yako?"

"Bwana Mkuu, nimewatazama na wengine. Nimeinua gundi za watu kumi na wanane. Wa mwezi wa pili, wa mwaka jana. Hakuna kilichofunga. Tunaandika wamepona na hawajapona."

"Nani anaandika wamepona? Soma kioo. Kinasemaje?"

"Kimepoa."

"Basi. Mashine ilikuja kutoka nje, walioileta wakamuuliza mtu huku, kitu kilichokuwa moto kikawa baridi mnakiitaje, akawaambia kimepoa. Sahihi kabisa. Ripoti ikifika mkoani wanasoma haraka, wanaona wamepona, wanafurahi." Akageuka sasa, akamtazama kuanzia viatu. "Wewe, mtoto wa mlimani, herufi n moja ndiyo inakunyima raha?"

Alipangusa ile meza tupu kwa kiganja.

"Jumanne anakuja mkaguzi wa mkoa. Akiweka kidole gumba, kipozeo kinakwenda mashamba yote ya mkoa na wodi zote za wazazi. Wanawake watajifungua na siku ya pili wako shambani. Hakuna uchungu, hakuna homa. Utasimama pale mbele kwa sababu vidole gumba vyote vilivyomo kwenye kumbukumbu ni vyako. Simama wima, usinukie magimbi."

Wodi za wazazi. Nakiete alishuka ngazi akiliona tumbo la uzazi lililopasuliwa, limezibwa kwa gundi, limepoa. Alilifikiria hivyo mpaka nyumbani, na alipofika hakumwambia mama mkwe. Alimwambia mwenye mguu.

"Nikitoa kipozeo, mwili utaamka," alimweleza Sengondo. "Lakini umelala siku hamsini na moja. Ukiamka ghafla unaweza kuamka na wazimu. Walinzi wakizidi huchoma nyumba wanayoilinda. Unaweza kupoteza mguu. Unaweza kufa, sikufichi."

"Na nikikiacha?"

"Utabaki hivyo. Siku gundi itakaposhindwa, hutakuwa na mtu ndani wa kukutetea."

Alichokisema Sengondo kilimshangaza mkewe. "Nitavimba? Majirani wataniona?"

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akaguna. "Mwanangu anaogopa kuchekwa na watu wenye vidonda."

"Mama, wewe utarudi mlimani. Mimi ninakaa na watu hawa." Akamgeukia Nakiete. "Toa. Ila niapie. Asijue mtu, si jirani, si zahanati, mpaka niwe nimesimama. Wakijua watakuja kunipoza kwa nguvu, na lango la shamba nalo linasoma joto, siwezi hata kutoka. Niapie."

"Haki ya Mungu," alisema Nakiete.

Akapasua ngozi kidogo begani Ijumaa asubuhi, akakitoa kile kipunje kwa koleo, akakiweka kwenye kikombe cha maji safi, tayari kwa kurudishwa kama ingebidi.

Kufika alasiri Sengondo alikuwa ameuma mto. Miaka sita hakuwa amesikia maumivu, na alikuwa amesahau namna ya kuyabeba. Alitukana kama mlevi, akamtukana mpaka aliyepanda mkonge wa kwanza duniani. Mguu ulijaa maji hadi kifundo kikapotea. Nakiete alichukua kalamu ya wino akachora mstari kuzunguka wekundu, ili aone unakwenda wapi. Mama Sengondo alimnywesha uji mwembamba, akamfuta kwa kitambaa cha uvuguvugu, akamkemea kila alipolia na kumpapasa kichwa akimkemea.

Jumamosi wekundu ulivuka mstari kwa vidole viwili. Nakiete akakiendea kikombe.

"Ukikirudisha," mama mkwe alisema, naye sauti yake sasa haikuwa na kejeli, "nitaketi hapa nimtazame mwanangu akiwa mbichi mpaka nife mimi. Ngoja mpaka kesho, mwanangu. Hata mkate una saa yake ya kuumuka."

Akakiacha kikombe, akangoja. Jumapili wekundu ulikuwa palepale. Jumatatu ulirudi nyuma ya mstari. Na Jumanne asubuhi, kabla hajavaa sare yake ya kazi, aliinua kitambaa akaona chini kabisa ya kidonda vijipunje vya nyama nyekundu vilivyoshikana kama komamanga, na kwenye kingo utepe mwembamba sana wa ngozi mpya, kama utando juu ya maziwa. Joto lilikuwa bado lipo, uvimbe bado upo. Kazi ilikuwa imeanza tu. Siku kumi nyingine bila mtu kujua, alihesabu, na Sengondo atasimama.

*

Mkaguzi wa mkoa aliitwa Bi. Kwandu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye haraka, na mkono wake wa kushoto, tangu kiwiko hadi kiganja, ulikuwa na kovu la moto, la zamani, limekunjamana na kung'aa. Bwana Chamshama aliliona, akatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

"Mheshimiwa," alisema, "hapa tuna mashati ya mikono mirefu, kama utapenda."

"Ya nini?"

"Jua."

"Jua halinisumbui," alisema Bi. Kwandu, akaendelea kutembea.

Wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamepangwa kwenye uwanja wa kuanikia singa, waliojeruhiwa tangu mwaka jana, wamekunja mikono ya mashati na miguu ya suruali. Gundi zao ziling'aa. Hakuna aliyechechemea, hakuna aliyekunja uso. Walimtazama mkaguzi mkononi, kisha wakatazamana, na midomo yao ikabinuka kwa dharau.

Chamshama alisoma kwa sauti ya mahubiri. "Waliojeruhiwa, mia mbili na kumi na wawili. Waliopoa, mia mbili na kumi na wawili."

"Wote wamepona?" aliuliza Bi. Kwandu, akitembea.

"Wote, kama ilivyoandikwa, mheshimiwa."

Alisimama mbele ya mwanamke mmoja aliyezibwa kwenye paja. "Wewe ulikatwa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Sasa ni wa nane." Bi. Kwandu aliinama. Bila kujua, kidole chake kimoja kilikuwa kikipita juu ya kovu lake mwenyewe, huku na huku. "Mimi niliungua na uji nikiwa na miaka mitano. Mama yangu alisema nilivimba mpaka nikafanana na mtungi. Makovu ya watu hawa yako wapi?"

"Hilo ndilo jambo lenyewe, mheshimiwa." Chamshama alicheka kicheko kidogo. "Tumevuka enzi za makovu. Kovu ni la mwili usio na nidhamu. Hapa mwili unaambiwa tulia, unatulia. Fikiria wodi zako za wazazi zikiwa hivi. Kimya. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayelala siku arobaini akikandwakandwa na vikongwe."

"Nimekuuliza yako wapi."

"Yaani, kwa lugha ya kisayansi, utulivu ukikamilika..." akaendelea, na akaendelea, mpaka dereva wa mkaguzi akawasha gari. Bi. Kwandu alitazama saa. Akamgeukia Nakiete, aliyekuwa amesimama wima kama alivyoagizwa. "Vidole gumba vyote hivi ni vyako. Labda wewe utanijibu. Makovu yao yako wapi?"

Nakiete aliinamisha macho. Siku kumi tu. Alimwona Sengondo kitandani, vile vijipunje vyekundu, ule utepe wa ngozi usiofika hata upana wa uzi. Wakimkuta leo, kabla ya saa sita watakuwa wamekwisha kumzima, na wafumaji wale watarudi pembeni wakae, safari hii labda milele. Naye alikuwa ameapa. Hakumwapia jirani, alimwapia mume wake, kwa jina la Mungu.

"Ni mtu wa mlimani," alisema Chamshama. "Maswali marefu yanamchosha." Akasogeza mbele kioo kikubwa cha saini. Watu wa mstari wa mbele wakacheka, na Nakiete akawatazama wanaocheka: yule wa mwezi wa pili, yule wa mwaka jana, midomo myeupe ya nyama chini ya gundi, kila mmoja wao na uwanja wake mtupu ndani. Aliwadharau kwa dharau ambayo hakuwahi kuwa nayo hata kwa mvimbaji yeyote. Kisha akakumbuka ni kidole cha nani kilichowafanya hivyo, na dharau ile ikakosa mahali pengine pa kukaa.

Bi. Kwandu alishusha pumzi. "Haya, kama hakuna jibu," alisema, akanyoosha kidole gumba.

"Hayapo," alisema Nakiete.

Kidole kikasimama.

"Kovu ni la mtu aliyepona, Bi. Mkaguzi. Hawa wamepoa tu; inueni gundi yoyote mtaona. Na kama unataka kukiona kidonda kinachopona, katika shamba hili kipo kimoja. Kiko nyumbani kwangu, mguuni kwa mume wangu, kimevimba. Nilimwapia kwamba sitasema. Twende sasa hivi, na ukae mlangoni kwake wewe mwenyewe, kabla watu wa Bwana Mkuu hawajaenda kukizima."